Nyota mmoja, wachezaji watatu wa kiwango cha kati, au vijana wa nyumbani: timu ya besiboli itumieje fedha zake za majira ya baridi?

New York Mets wanamlipa Juan Soto wastani wa dola milioni 51 kwa mwaka. Mkataba aliosaini Desemba 2024 ni wa miaka 15, jumla dola milioni 765, na ulipotangazwa hapakuwa na mchezaji wa besiboli aliyewahi kuahidiwa fedha nyingi kiasi hicho. Kwa milioni 51 hizo hizo, timu nyingine ingesajili watu watatu au wanne wa kuaminika na kuziba mapengo yake kwa mpigo. Timu ya tatu isingenunua mtu kabisa. Ingewaita ofisini vijana wake na kuwafunga kwa mikataba mirefu kabla hawajawa ghali.

Kila Novemba, fainali ya World Series ikishapita, mashabiki wa timu 30 za ligi kuu ya Marekani, MLB, hugawanyika katika makundi hayo matatu, na kila kundi lina bingwa wake wa kutolea mfano. Ulinganisho huu ni wa yule aliye katikati yao: anayetaka kujua kama viongozi wa timu yake wanafanya jambo la maana, au anayeendesha timu kwenye gemu ya kompyuta na amekwama kwenye ukurasa wa usajili. Nitaziita njia ya nyota, njia ya mgawanyo na njia ya nyumbani.

Tunapima kwa vigezo gani

Msimu wa kawaida ni mechi 162 ndani ya takriban miezi sita. Kikosi cha siku ni watu 26, na warushaji, wale wanaomtupia mpigaji mpira, hawazidi 13 kati yao. Nyuma yao ipo orodha ya watu 40. Wale 14 wa ziada wengi huwa ligi ndogo au kwa madaktari. Ukiijua orodha hiyo umeijua timu. Ukiwajua nyota watano tu, umejua tangazo.

Sababu ni hesabu ya zamu. Katika soka unaweza kumtafuta mshambuliaji wako hatari kila dakika na kumpa mpira. Besiboli hairuhusu: mpigaji bora duniani anasubiri wenzake wanane wapige ndipo arudi. Mrushaji naye ana kikomo chake. Mechi 162 za iningi 9 (vipindi vya mchezo) ni iningi 1,458, na mwaka 2024 warushaji wanne tu katika ligi nzima walifikisha iningi 200. Hata hao walibeba takriban moja ya saba tu ya kazi ya timu zao. Waliobaki ndio wanaoamua.

Thamani ya mchezaji hupimwa sana kwa kipimo kiitwacho WAR. Kinauliza: huyu anaongeza ushindi wa mechi ngapi juu ya mbadala ambaye timu yoyote ingempata kwa mshahara wa chini? Mshahara huo mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000. Timu iliyojaa mbadala watupu hukadiriwa kushinda mechi 48 hivi. Mchezaji wa kila siku wa kiwango cha kati huleta karibu WAR 2. Ukipata 5 au 6 una nyota.

Sasa tazama jambo ambalo mabishano mengi hulipita. Nyota mmoja wa WAR 6 na wachezaji watatu wa WAR 2 wana jumla ileile, lakini nyota anakalia nafasi moja na wale watatu wanakalia tatu. Kama nafasi mbili zilizobaki tayari una vijana wa WAR 2 kila mmoja, nyota anakupeleka kwenye 10, na wale watatu wanakuongezea kidogo sana, maana wawili kati yao wanakuja kuwapokonya kazi watu wanaofanana nao. Kama nafasi hizo ni mashimo matupu, njia zote mbili zinatoka sawa, na wale watatu wana nafuu ya kutoumia wote siku moja. Kwa hiyo bei ya nyota huwezi kuisoma bila kusoma majina ya watakaomzunguka.

Vigezo vyangu ni vinne: bei na muda, ushindi unaonunuliwa, hali majeraha yakigonga, na mlango wa kutokea.

Bei na muda

*Nyota.* Unalipia miaka ya baadaye ili upate ya sasa. Soto atakuwa na miaka 40 mkataba ukielekea mwisho. Los Angeles Dodgers walipomchukua Shohei Ohtani Desemba 2023 kwa miaka 10 na dola milioni 700, milioni 680 zilisogezwa mbele zilipwe kati ya 2034 na 2043, na kwa sababu hiyo hesabu ya kodi inamhesabu kwa karibu milioni 46 tu kwa mwaka. Kodi yenyewe ni ile ya anasa: mwaka 2025 timu iliyopita dola milioni 241 za mishahara ilianza kulipa asilimia 20 ya ziada yake ikiwa ni mara ya kwanza, 30 ikirudia mwaka unaofuata, 50 mara ya tatu mfululizo, na nyongeza juu yake kadiri ilivyozidi. Dodgers walilipa zaidi ya dola milioni 100 za kodi hiyo kwa msimu wa 2024 peke yake. Nyota aliyekataa ofa rasmi ya mwaka mmoja ya klabu yake ya zamani anakugharimu pia nafasi za kuchagua vijana kwenye drafti.

*Mgawanyo.* Mfano bora ninaoujua ni Boston Red Sox wa majira ya baridi ya 2012. Walitoka kwenye msimu wa ushindi 69 na vipigo 93. Wakasajili saba: Shane Victorino kwa miaka mitatu na dola milioni 39, Ryan Dempster, Stephen Drew, Mike Napoli, Jonny Gomes, David Ross na mrushaji Koji Uehara, huyu kwa mwaka mmoja na milioni 4.25. Hakuna aliyepewa zaidi ya miaka mitatu. Wote saba kwa pamoja waliahidiwa takriban dola milioni 100. Lakini usidhani njia hii inakwepa kodi: watu watatu wa milioni 17 kwa mwaka wanahesabiwa sawasawa na mmoja wa 51.

*Nyumbani.* Mchezaji mpya hawi huru mpaka atimize miaka sita ya utumishi ligi kuu. Mitatu ya kwanza kwa kawaida analipwa karibu na mshahara wa chini, mitatu inayofuata mshahara unapanda kwa usuluhishi. Atlanta Braves chini ya mkuu wao wa usajili, Alex Anthopoulos, wamefanya utaratibu huu kuwa biashara: Ronald Acuña Jr. miaka 8 na dola milioni 100, Ozzie Albies miaka 7 na milioni 35, wote Aprili 2019; kisha 2022 Austin Riley miaka 10 na milioni 212, Michael Harris II miaka 8 na milioni 72, Spencer Strider miaka 6 na milioni 75. Mkataba wa Albies ulilaumiwa sana kuwa wa kumpunja mchezaji, na lawama hiyo naielewa. Kijana alinunua usalama, klabu ikanunua nyakati zake bora kwa bei ya kutupa.

Kuna kona moja ambayo wengi hawaioni. Kodi ya anasa inapima wastani wa mkataba, haiangalii hundi ya mwaka huo. Acuña alilipwa dola milioni 1 mwaka 2019 lakini alihesabiwa milioni 12.5. Timu iliyo karibu na kikomo ikimfunga kijana mapema inajipandishia kodi leo ili iokoe kesho.

Ushindi unaonunuliwa

*Nyota.* Mwaka 2025 Soto alipiga homurani 43 (mapigo yanayovusha mpira nje ya uwanja) na kuiba besi 38 (kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe). Alifanya kazi yake. Mets wakamaliza na ushindi 83 na vipigo 79, wakaikosa hatua ya mtoano siku ya mwisho. Los Angeles Angels ni somo zito zaidi: walikuwa na Mike Trout na Ohtani pamoja kuanzia 2018 hadi 2023, na hawakuwahi kumaliza msimu hata mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Upande mwingine, Dodgers wa Ohtani walichukua ubingwa 2024 na 2025 mfululizo. Kichwani ni aina ileile ya mchezaji, na kwa Ohtani ni mtu yuleyule. Tofauti iko chini yake.

*Mgawanyo.* Red Sox wa 2013 walitoka ushindi 69 wakafika 97 na kombe. Victorino alipiga homurani ya mikimbio minne katika mechi ya 6 iliyowapeleka fainali, na Uehara akawa mchezaji bora wa nusu fainali hiyo. Mwaka uliofuata? Ushindi 71. Njia hii hupandisha sakafu haraka, lakini wanaoipandisha ni watu waliopita miaka 30, na sakafu hiyo hushuka kwa mwendo uleule.

*Nyumbani.* Braves wa 2023 walishinda 104 na kupiga homurani 307, wakiifikia rekodi ya timu kwa msimu mmoja. Acuña alikuwa na homurani 41 na besi 73 za kuiba. Inachukua muda, na inahitaji kwanza uwe na vijana wenyewe. Huwezi kumfunga usiyemlea. Haina kinga pia: 2025 Braves hao hao walishinda 76.

Majeraha yakigonga

Hapa ndipo ningetumia muda mrefu zaidi kama ningekuwa nahojiwa nafasi ya meneja.

Juni 12, 2025 Mets walikuwa na rekodi bora kuliko timu yoyote ya MLB: ushindi 45, vipigo 24. Siku hiyohiyo mrushaji wao Kodai Senga aliumia msuli wa paja. Sean Manaea na Frankie Montas, waliosajiliwa kwa mikataba ya kati, walikuwa wameanza msimu wakiwa majeruhi. Griffin Canning akakatika kano ya kisigino ndani ya mwezi huohuo. Kuanzia hapo timu ilishinda 38 na kupoteza 55. Kijana Nolan McLean aliitwa Agosti na akarusha vizuri, lakini nyufa zilikuwa zimeshakuwa nyingi. Mpigaji wa milioni 51 hawezi kurusha mpira. Wala tusiseme kwamba Mets hawakununua kina cha kikosi; walikinunua, kikaumia pia.

Dodgers wa 2024 waliingia mtoano wakiwa na warushaji wa kuanza watatu tu wa kutegemewa, na Ohtani mwenyewe hakurusha mwaka huo kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko. Katika mechi ya 4 dhidi ya San Diego Padres, ambayo wangepoteza wangetolewa, walitumia warushaji wanane waliopokezana tangu iningi ya kwanza na wakashinda 8-0. Tommy Edman, aliyeletwa Julai bila shangwe, akawa mchezaji bora wa nusu fainali. Mwaka uliofuata, mechi ya 7 dhidi ya Toronto Blue Jays, iliyosawazisha katika iningi ya tisa ilikuwa homurani ya Miguel Rojas, mtu wa miaka 36 aliyeingizwa kikosi cha kwanza katika mechi ya 6. Mchezaji bora wa fainali hiyo alikuwa Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa dola milioni 325. Fedha nyingi ilimlipa Yamamoto. Kombe lilihitaji wote wawili.

Njia ya mgawanyo inajilinda kwa idadi. Boston 2013 walipoteza kwa majeraha warushaji wawili wa kumalizia mechi, Joel Hanrahan na Andrew Bailey. Aliyebaki wa kupewa iningi ya tisa alikuwa Uehara wa milioni 4.25, na hakuna aliyewakumbuka tena wale wawili. Lakini hapa pana mtego. Mkongwe mwenye miaka mitano ya utumishi hapelekwi ligi ndogo bila ridhaa yake. Ukijaza benchi wakongwe sita, una kina kwenye karatasi. Jioni ambayo warushaji wako wamechoka, huna wa kumshusha ili umpandishe mwenye mkono mpya. Kina cha kweli ni watu ambao bado klabu ina haki ya kuwapandisha na kuwashusha, na haki hiyo kwa kawaida ni ya misimu mitatu kwa mchezaji. Hao ni vijana.

Ndiyo maana njia ya nyumbani inaonekana salama, na mara nyingi ni salama, ila ina udhaifu wake: umeweka imani kwenye miili ya watu wachache kwa miaka minane. Strider alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Aprili 2024, Acuña akachanika goti Mei mwaka huohuo. Jambo la kuchekesha ni kwamba ubingwa wa Braves wa 2021 ulikuja bila Acuña, aliyeumia goti jingine Julai 10. Anthopoulos alichukua Joc Pederson, Adam Duvall, Eddie Rosario na Jorge Soler ndani ya mwezi mmoja kwa gharama ndogo. Rosario akawa bora wa nusu fainali, Soler wa fainali. Timu ya njia ya nyumbani iliokolewa na njia ya mgawanyo, tena katikati ya msimu.

Na kina kinachimbwa mbali kuliko tunavyodhani. Mwaka 2022 Dodgers hao wa mamia ya mamilioni waliwasaini pia vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, na Pittsburgh Pirates baadaye wakamchukua Mganda mwingine, mrushaji David Matoma. Usajili wa namna hii hauisaidii timu msimu huu. Ni akiba, na akiba haiozi.

Mlango wa kutokea

*Nyota.* Mlango mara nyingi unafunguka upande wake. Soto anaweza kuondoka baada ya msimu wa 2029, na Mets wanaweza kuufunga mlango huo kwa kumwongezea milioni 4 kwa kila mwaka uliobaki. Akiporomoka, hatoki. Anthony Rendon alisaini na Angels Desemba 2019 kwa miaka 7 na dola milioni 245. Hakufikisha mechi 60 katika msimu wowote kwao, na 2025 hakucheza kabisa. Kuna ukombozi wa nadra: Agosti 2012 Boston waliwapata Dodgers wakubali kubeba mikataba ya Adrian Gonzalez, Carl Crawford na Josh Beckett, na fedha ile iliyookolewa ndiyo iliyowanunua wale saba. Usipange bajeti kwa kutegemea bahati hiyo.

*Mgawanyo.* Mlango uko wazi wakati wote. Mkataba unaisha wenyewe, na timu ikiwa mbovu Julai unawauza wenye mkataba mfupi kwa chipukizi.

*Nyumbani.* Mkataba nafuu ni mali inayouzika. Tampa Bay Rays walimfunga Chris Archer Aprili 2014 kwa miaka 6 na dola milioni 25.5, wakamtumia miaka minne, kisha Julai 2018 wakampeleka Pittsburgh na kupata Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz. Glasnow naye akauzwa Dodgers Desemba 2023. Kijana asipokua, hasara huwa ndogo: Philadelphia Phillies walimpa Scott Kingery miaka 6 na dola milioni 24 mwaka 2018 kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu, akashindwa kupiga, na 2021 wakamtoa kwenye orodha ya watu 40. Kwa klabu ya aina ile, milioni 24 haikuvunja nyumba.

Wewe uko wapi?

Timu yako imeshinda kati ya 85 na 92, nafasi sita au saba zina watu wa kati au zaidi, na una warushaji wanne au watano wa ligi ndogo wanaoweza kupandishwa: tafuta nyota. Kila ushindi unaoongeza hapo ni wa kuingia mtoano au kubaki nje, na nafasi za kumzunguka zimeshajaa. Kama unayo sehemu ya kwanza lakini huna hao warushaji, punguza ukubwa wa nyota na upeleke tofauti ya fedha kwa warushaji.

Umeshinda 70 na kitu, mashimo ni manne, vijana wako bado miaka miwili: gawanya, na usivuke miaka mitatu kwa yeyote. Ikienda vizuri uko kwenye mbio. Ikienda vibaya unauza Julai.

Una wachezaji wawili au watatu wenye mwaka mmoja au miwili ya utumishi ambao tayari wanacheza kila siku: anza nao kabla hujafungua soko. Wapigaji kwanza. Kumfunga mrushaji wa miaka 23 kwa muda mrefu ni kamari hata akiwa Strider.

Uko karibu na kikomo cha kodi: piga hesabu ya wastani wa kila mkataba, si ya hundi ya mwaka huu, kisha uone kama kuongeza mkataba wa kijana kunaweza kusubiri mwaka ambao mkongwe wa ghali anaondoka.

Huna fedha kabisa: fanya kama Rays, lakini jiandae kwa miaka kama 2024 na 2025, waliposhinda 80 na 77 baada ya kufuzu mtoano mara tano mfululizo.

Na ukipanga mkataba wa kuvuka 2026, kumbuka kwamba makubaliano ya kazi kati ya klabu na chama cha wachezaji yanaisha Desemba 1, 2026. Kikomo cha kodi, mshahara wa chini na miaka sita ya utumishi vyote viko ndani ya makubaliano hayo, kwa hiyo ofa ya miaka kumi ya kabla ya tarehe hiyo inakokotolewa kwa kanuni ambazo huenda zikabadilishwa.